Nyuzi Kumi na Saba

Jumanne, tarehe 2 Juni

Dada yangu mpendwa,

Kabla hujauliza: nakula, nalala, na leo nimesali kabla ya kugusa sindano. Sasa nisome taratibu. Ukiona uso unaanza kukunjamana, weka barua chini, kunywa maji, kisha uendelee.

Mapazia ya ukumbi wa mji yamekwisha. Thelathini na mawili, Dada, rangi ya wino. Yalipotundikwa Ijumaa, bwana msimamizi wa ukumbi alivuta kamba mara nne bila sababu, anafungua, anafunga, anafungua tena, anacheka peke yake. Nilikuambia nitakuwa huku miezi miwili, nimalize mapazia nirudi nyumbani kwetu. Miezi miwili imetimia. Ila nimeonelea nikae kidogo tu, mpaka mwisho wa mwezi huu. Yuko mzee mmoja mwenye duka la miwani karibu na posta, wote wanamwita Mzee wa Miwani. Juu ya duka lake ana chumba chenye madirisha mawili na meza ndefu iliyoachwa na mpiga picha. Amesema nikae nacho Juni nzima nikijaribu, na siku ya mwisho ya mwezi nimpe jibu moja, nakitaka au sikitaki, maana kinyozi naye anakimezea mate.

Usiogope, ni kazi tu. Kutoka hapa hadi jijini kwako ni saa moja na nusu kwa basi. Nguo za wateja wangu wa huko naweza kuzishona hapa na kukutumia kwa mkono wa kondakta wa basi la saa nne, mtu mcha Mungu, hawezi kupoteza hata kifungo. Wewe utawaita waje kuzijaribu kwako kama kawaida.

Ndiyo maana nazihitaji nyuzi zangu, zile kumi na saba kwenye misumari nyuma ya mlango. Unajua mimi na tarakimu hatujawahi kupatana. Shule niliiacha tukiwa bado tunagombana. Fundi aliyenifunza kazi ndiye aliyenionyesha kumpima kila mtu kwa uzi wake mwenyewe wa pamba: fundo la bega, la kifua, la kiuno, la nyonga, la urefu, na mwishoni kipande cha kitambaa ili nijue ni nani. Bila nyuzi hizo mimi ni kipofu. Zina vumbi, najua. Zipanguse kwa kitambaa kikavu tu, uzifunge kwenye karatasi.

Ningekupigia simu, lakini kwenye simu wewe huzungumzi, unatangaza.

Mdogo wako


Jumamosi, tarehe 6 Juni

Mdogo wangu,

Nimekunywa maji mara mbili.

“Kidogo tu” ndivyo alivyosema baba yetu mdogo alipokwenda kumsalimia rafiki yake, akarudi ana mke na watoto wawili. Basi nakusikia.

Nyuzi zako hizi hapa. Nimezipangusa kama ulivyosema.

Kitanda chako nimekitandika shuka safi. Si kwamba nakusubiri; kitanda kitupu kinanikera macho, ndiyo kazi yangu. Tangu umzike shemeji yangu ukaja kukaa nami, miaka kumi na moja, sijawahi kupika chai ya mtu mmoja. Mkono umezoea. Napika ya wawili, namwaga ya mmoja. Kule kwenye chumba cha kufulia hospitalini wenzangu wananiuliza, “Fundi wetu yuko wapi?” Nawaambia kaenda kuishonea dunia pazia.

Mji huo una nini hasa? Mimi nimeupita kwa basi mara mbili, mara zote nimelala, na hakuna aliyeniamsha kuniambia nimekosa kitu.

Dada yako


Jumatano, tarehe 10 Juni

Dada mpendwa,

Zimefika. Macho yangu, au zimekuwa nyeupe? Kweli wewe mfuaji, hata vumbi linakuogopa.

Umeuliza mji una nini. Una mwisho, Dada. Huko jijini tumeishi miaka yote hiyo na hatujawahi kuuona mwisho wake. Unatembea mpaka unachoka na nyumba bado zinakuja. Hapa ukitembea dakika arobaini nyumba zinakwisha, unakuta mto na daraja la chuma, na ng'ambo ng'ombe wanakutazama kama wewe ndiye uliyepotea. Kila jioni nikishafunika cherehani nachagua mtaa mmoja ambao sijaupita. Nimejichorea ramani kwenye karatasi ya kufungia vitambaa, na mtaa niliokwisha kuupita naupaka penseli. Nimepotea mara tatu, na mara zote nimetokea posta.

Kuna duka la vitabu linalouza pia balbu. Mwenyewe akienda kula anaacha mlango wazi, na miwani yake juu ya kitabu pale alipofikia, ili ujue hajaenda mbali. Watu wa hapa wakikuuliza habari wanasimama wasikie. Siku za kwanza nilidhani wana shida nyingine, nikawa nauliza, “Ehe, nikusaidie nini?” Mama mmoja akanijibu, “Nimekuuliza habari, mwanangu, bado nangoja.”

Na kanisani, Jumapili ya pili tu, bibi wa benchi la nne alijisogeza, akalipiga benchi kwa kiganja: “Hapa pako.” Dada, jijini nimesali miaka kumi na moja mahali popote nilipokuta nafasi.

Nakutumia magauni matatu: la Mama Kwaya, la Mkunga, na la Mwalimu wa Hesabu. Waite waje kwako wayajaribu, uniambie walivyofurahi.

Mdogo wako


Jumatatu, tarehe 15 Juni

Mdogo wangu,

Kaa chini.

Mama Kwaya alikuja jana baada ya ibada. Gauni lilipita kichwani, likapita mabegani kwa manung'uniko, likafika kifuani likagoma. Nikamwambia, “Shusha pumzi.” Akasema, “Nimeshusha tangu jana.” Tulimwingiza kwa kusukuma, tukamtoa kwa maombi. Kwapani mshono ulishaachia.

Mkunga naye akacheka mpaka akaketi kitandani mwako. “Miaka yote hii nawavuta watoto mahali pembamba, sikujua siku moja nami nitavutwa.” Mwalimu wa Hesabu hakucheka. Alivua, akalikunja vizuri, akasema, “Mwambie mdogo wako jumla yangu haijapungua.”

Hawakukasirika, lakini Mama Kwaya aliniuliza mlangoni, taratibu, “Huko aliko anaumwa macho?” Gauni lile alitaka kuimbia.

Nimeyarudisha yote kwa kondakta.

Dada yako


Alhamisi, tarehe 18 Juni

Dada,

Nimefedheheka mpaka nashindwa kula.

Nimeyafumua matatu yote, nimeyalaza mezani, nimeweka nyuzi juu yake. Mkasi ulifuata uzi kama siku zote. Basi kosa si la mkasi. Kisha jana kondakta kaniletea mengine mawili niliyotuma Ijumaa, na kikaratasi chako: nayo yanabana.

La ajabu ni hili. Wateja wa hapa niliokwisha kuwapata, watano, mke wa kinyozi na mwalimu wa chekechea miongoni mwao, niliwapima kwa nyuzi mpya na nguo zimewakaa. Mke wa kinyozi alizunguka mbele ya kioo mpaka kikapata kizunguzungu. Ni wa jiji tu wanaobanwa. Nimewaza sana. Fundi wangu alikuwa akisema uzi hutoa mwili, jicho hutoa hewa: vidole viwili vya nafasi hapa, vitatu pale, na hivyo huvijui mpaka umjue mtu. Basi nadhani nimewasahau. Miezi miwili na kidogo, na jicho langu limewaacha watu niliowavisha miaka kumi.

Na sasa nikufunulie kitu nilichokikunja katika barua zote. Si kazi tu. Nataka kukaa huku, Dada. Si kwa sababu kwako ni pabaya. Kwako nilipokewa nikiwa nalia, na Mungu anajua. Ila nimekuwa binti wa baba, kisha mke wa mtu, kisha mdogo wako, na hapa kwa mara ya kwanza naamka asubuhi nikauliza, leo mimi nataka kupita wapi? Mwanamke wa miaka hamsini na miwili! Niliona aibu kukuandikia.

Lakini watu watano hawawezi kunilisha. Bila wale kumi na saba siwezi kukichukua chumba hiki. Nilimwomba Mungu anionyeshe njia kabla ya mwezi kwisha. Je, hili ndilo jibu lake? Niambie wewe, mimi siamini tena macho yangu.

Mdogo wako


Jumatatu, tarehe 22 Juni

Mdogo wangu,

Umeomba jibu na umejibiwa. Mungu hasemi na kila mtu kwa radi. Wewe fundi, kasema nawe kwa mishono. Mkono wako umezoea kufanya kazi ukiwa karibu na watu wako. Ukienda mbali unapotea. Hakuna aibu.

Rudi nyumbani. Sitakucheka, wala sitalitaja tena.

Dada yako


Alhamisi, tarehe 25 Juni

Dada mpendwa,

Nimesoma barua yako nikiwa nimepiga magoti.

Nakubali. Jumanne nitampa Mzee wa Miwani jibu na ufunguo, na nitapanda basi la jioni. Nilipomdokeza, alivua miwani akaifuta. “Kinyozi atafurahi,” akasema. “Mimi sitafurahi sana. Kinyozi anapiga mluzi.”

Nisikudanganye kwamba sina huzuni. Lakini nimemwambia Mungu asante hata hivyo, maana wapo wanaokufa bila kupewa hata Juni moja. Imebaki mitaa sita ambayo sijaipaka penseli. Leo nimepita miwili. Mmoja una kinu cha kusaga na ukuta mzima umekuwa mweupe kwa unga, mpaka paka anayelala pale. Sijui rangi yake halisi. Nilitaka kumuuliza mtu, nikasema, ya nini, unaondoka.

Bibi wa benchi la nne bado sijamwambia.

Mdogo wako


Jumapili, tarehe 28 Juni

Mdogo wangu,

Nilizichemsha.

Naandika neno hilo kwanza ili nisiweze kurudi nyuma. Nyuzi zako sikuzipangusa. Nilizishusha kwenye misumari, nikaona vumbi la miaka yote lililoganda kwenye mafundo, na mkono wa mfuaji ukanishinda. Niliziweka kwenye sufuria kubwa na sabuni na magadi, zikachemka, nikazianika dirishani, zikatoka nyeupe kama meno. Nikaona fahari. Nikakuandikia nimezipangusa kwa sababu nilijua utapiga kelele.

Pamba ikichemshwa hunywea, uzi ukawa mfupi kuliko mtu wake. Mimi! Miaka ishirini na minane nawafokea wasichana wapya kazini, “Msichemshe pamba ya watu, itanywea!” Mama Kwaya alipokwama mikono juu, mbele ya kioo chako, ndipo nilipoikumbuka sufuria. Nilijua siku hiyo hiyo. Nikakuandikia vichekesho.

Uongo wa kwanza ulikuwa wa aibu. Wa pili ulikuwa wa ukimya. Nilijiambia, hebu ngoja kidogo, pengine atarudi mwenyewe. Wa tatu ndio unaonichoma. Ulimwomba Mungu jibu, ukanipa mimi nikusomee, nami nikaandika langu nikatia sahihi yake. Nilimsingizia Mungu, mdogo wangu, kwa sababu sitaki kunywa chai peke yangu.

Leo kanisani tulipofika pale tunapoomba yatendeke anayotaka yeye, si tunayotaka sisi, ulimi ulinigoma. Nikatoka kabla ya wimbo wa mwisho. Nimekuja kuandika bila kuvua viatu.

Jicho lako halijamsahau mtu. Mkono wako uko sawa. Barua hii nampa kondakta mwenyewe, basi la kwanza kesho, aikabidhi mkononi mwako kabla hujarudisha ule ufunguo.

Sikuombi unisamehe kwa barua.

Dada yako


Jumanne, tarehe 30 Juni

Dada,

Kondakta alinikabidhi jana, akasimama anasubiri jibu. Nikamwambia nenda zako, jibu hili halibebeki kwa basi moja.

Nilicheka kwanza. Nilimwona Mama Kwaya mikono juu, na wewe chini yake ukivuta, na ghafla kichwani mwako sufuria inachemka. Nilicheka mpaka Mzee wa Miwani akapanda ngazi kuuliza kama ni kikohozi. Kisha nikalia. Kisha nikakasirika, na hapo ndipo nilipo mpaka sasa.

Ungeniandikia, “Usikae huko, nauogopa ukimya,” ningejua la kufanya. Ningekuja, au tungezungumza kama watu. Badala yake umeniacha siku kumi nalishtaki jicho langu mwenyewe. Mtu wa kazi yangu ana nini kingine?

Lakini nami si msafi. Niliandika “kidogo tu” nikijua ni uongo. Tumelelewa na mama mmoja, sote tunakunja mambo vizuri mno.

Leo nimempa Mzee wa Miwani jibu. Chumba nimekichukua. Wateja nitawapata wapi, sijui. Siwezi kuwaambia watu kumi na saba wapande basi waje kupimwa upya kwa ajili ya sufuria yako. Hilo nimemwachia Mungu, yule wa kweli, si yule wa barua yako ya tarehe 22.

Nimekusamehe, ila bado sijapoa. Nipe wiki moja usiniandikie.

Mdogo wako


Jumatano, tarehe 8 Julai

Mdogo wangu,

Wiki na siku moja. Nimehesabu.

Nilichukua likizo kazini, ya kwanza tangu ya mazishi ya mama. Nikanunua uzi wa pamba, ule mnene kama wako, nikaanza na nyumba ya Mama Kwaya. Nilisimama mlangoni nikasema nilichokuja kusema: “Aliyekubana si mdogo wangu, ni mimi. Niliuchemsha uzi wako. Naomba nikupime upya.” Akanitazama. Akasema, “Umenichemsha?” Nikasema ndiyo. Akakaa, akacheka machozi yakamtoka, na alipomaliza akasimama akanyoosha mikono nipime.

Nikaenda kwa wengine hivyo hivyo, mlango kwa mlango, nikisema maneno yale yale. Hayakuwa mepesi hata kwa mlango wa mwisho. Mkunga alinipa chai, akanipa na maneno. Mwalimu wa Hesabu alinisahihisha mara tatu mahali pa kufunga fundo la kiuno, kisha akadai nimwandikie na tarakimu pembeni, nimeandika, usizisome. Wawili wamesema watafikiri. Mmoja, yule karani wa mahakama, alinifungia mlango, na ana haki. Kwa hiyo ni kumi na wanne. Wote wamesema wataendelea kushonewa nawe huko huko, nguo zije kwa basi, na mimi niwe mtu wa kuwajaribisha hapa. Mama Kwaya kaongeza sharti: sufuria nisiikaribie.

Mafundo nimeyakaza mara mbili. Ukiona ya bega yako juu kidogo, ujue nilikuwa napima huku naomba radhi.

Chai sasa napika ya mtu mmoja. Jumatatu nilikosea, nikamwita jirani wa ghorofa ya chini anywe ile ya pili. Kumbe anajua kuzungumza. Miaka yote hiyo tunapungiana mkono tu kwenye ngazi, sikujua hata sauti yake ikoje.

Kwenye furushi utakuta nyuzi kumi na tano. Ule wenye kipande cha shuka ya hospitali ni wangu. Mama Kwaya ndiye aliyenipima. Nilisimama katikati ya chumba chako, mikono imenyooka, naona haya kama bibi harusi. Kazini kwetu mavazi ni madogo, ya kati na makubwa, na mimi nimevaa makubwa maisha yote bila mtu kuniuliza. Mama Kwaya akasema, “Kumbe una kiuno, dada.” Nikamwambia akifiche.

Nishonee gauni. Rangi chagua wewe, ila isiwe nyeupe, nimeiona ya kutosha. Jumamosi ya tarehe 18 siko zamu. Nitakuja kulijaribu hapo kwako, siku moja tu, na jioni nitarudi. Likinibana, nimelistahili. Likinikaa, tutatoka nalo, unipeleke mtaa ambao hata wewe hujaupita.

Dada yako